Kwa nini madaktari wanakataa kumpasua mwenye maumivu sugu ya korodani hata pale anapoomba mwenyewe?

Mkarafuu Mkavu (Wete)

Assalamu alaykum. Naomba jambo hili tulizungumze bila ya kuoneana haya kupita kiasi, kwa sababu naamini humu wamo wanaume wengi wanaoumia na kunyamaza. Korodani yangu ya kushoto inaniuma tangu msimu wa karafuu wa mwaka juzi. Haikuvimba, haina kinundu kinachoshikika, wala haibadiliki rangi. Inauma tu, mara inavuta kuelekea kinenani, mara inachoma, na nikisimama muda mrefu huzidi. Nimepimwa mkojo na damu, nimefanyiwa altrasaundi, na nimemeza antibiotiki hadi tumbo likaharibika. Kila ninapokwenda naambiwa kwamba korodani ni nzima. Mkarafuu sipandi tena, na vespa naipanda kwa kuegemea upande mmoja.

Hatimaye nilimwomba daktari aitoe. Nilimwambia kwamba ninayo ya pili, kwamba watoto Mwenyezi Mungu amekwisha kunijaalia, na kwamba niko tayari kutia saini karatasi yoyote atakayoileta. Alikataa. Nikamwomba basi aikate mishipa inayopeleka maumivu, akakataa vilevile, akaniandikia vidonge vinavyonitia usingizi na kunitaka nirudi baada ya miezi kadhaa. Suala langu, kwa hiyo, si dawa. Mwili ni wangu, maumivu ni yangu na ridhaa naitoa mwenyewe. Daktari anakataa kwa hoja gani? Mimi nadai kwamba wanaogopa lawama tu, maana lingekuwa jino lingekwisha kung'olewa siku ile ile.

Dago la Kaskazini (Nungwi)

Pole sana, ndugu yangu. Nilikuwa najua kwamba Wapemba ni watu wa kubana matumizi, lakini sikujua kwamba mnafikia kupunguza hata mlivyopewa bure. Nikiacha mzaha, umechunguzwa ngiri? Marehemu ami yangu aliteseka hivyo hivyo kwa miaka, kumbe ilikuwa ngiri ndogo iliyojificha kinenani, na alipopasuliwa alirudi baharini.

Tabibu wa Zamu (Mjini Unguja)

Nianze na hoja ya jino, kwa kuwa ndiyo aliyoiegemea mwenye uzi. Jino huonekana limeoza kabla ya kung'olewa. Daktari wa meno aliyefunzwa vizuri hamng'oi mtu jino zima kwa sababu tu upande ule wa taya unauma, na wapo watu waliowahi kung'olewa meno mazima, moja baada ya jingine, na maumivu yakabaki palepale, kwa kuwa asili yake ilikuwa ni mshipa wa fahamu na si jino. Korodani haina tofauti.

Maumivu ya korodani huhesabiwa kuwa sugu yakifikia miezi mitatu au zaidi, yawe ya mfululizo au ya kuja na kuondoka, na yakawa yanamzuia mtu na shughuli zake. Sababu zake ni nyingi: uambukizo wa epididimisi, yaani ule mrija uliojikunja nyuma ya korodani, vena zilizotanuka, yaani mishipa inayorudisha damu kutoka kwenye korodani, maji kwenye mfuko wa korodani, jeraha la zamani, upasuaji wa ngiri, hata jiwe la figo. Na baada ya kuzipima zote hizo wanabaki wagonjwa wengi, ambao katika baadhi ya ripoti hukaribia nusu, wasioonekana na sababu yoyote. Huyo ndiye mgonjwa anayemtia mpasuaji wasiwasi. Mwaka 1990 kulichapishwa huko Marekani taarifa ya wagonjwa 24 waliotolewa korodani kwa ajili ya maumivu tu. Waliopasuliwa kupitia kinenani, asilimia 73 yao maumivu yaliwaisha kabisa. Waliopasuliwa kupitia kwenye mfuko wenyewe, ni asilimia 55. Ripoti nyingine zimepata matokeo duni zaidi. Kwa maneno mengine, anayekuomba umtoe korodani leo anaweza kurudi kesho kutwa na maumivu yale yale huku korodani haipo, na hapo huna cha kumrudishia.

Ombi lako la pili, ndugu Mkarafuu, lina mashiko zaidi kuliko la kwanza, na sioni kwa nini yote mawili yamejibiwa kwa neno moja. Upasuaji wa kukata mishipa ya fahamu ndani ya kamba ya korodani, yaani ile inayoininginiza korodani na kupitisha mishipa yake, upo, na ulielezwa katika majarida ya tiba tangu 1978. Lakini haufanywi kwa kila anayeuomba. Kwanza mgonjwa hupigwa sindano ya ganzi kwenye kamba ile, pale juu karibu na kinena. Maumivu yakiondoka au yakipungua zaidi ya nusu kwa muda wa ganzi, ni dalili kwamba yanapitia hapo na kwamba kukata kunaweza kusaidia. Yasipopungua, asili yake iko kwingine na kisu hakitayafikia. Je, ulipigwa sindano hiyo?

Mkarafuu Mkavu (Wete)

Ahsante, daktari. Sikupigwa, na wala sikuwahi kuisikia mpaka leo. Ndiyo maana nasema kwamba tunakataliwa bila ya kuelezwa. Dago, ngiri nimechunguzwa na haipo. Na mali niliyonayo naipunguza kwa hiari yangu, sikuomba msaada wa Nungwi.

Kusini Makunduchi

Mimi nimezaliwa Makunduchi na nimeyaona mabusha tangu nikiwa mtoto. Wazee wetu waliyabeba miaka na miaka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuja wataalamu wakatia chembe nyeupe za plastiki kwenye vyoo vya shimo, zikaelea juu ya maji na kuwazuia mbu wasizaliane, na wakati huo huo watu wakapewa dawa za kumeza. Nilikuwa mmoja wa watoto waliokimbilia kuzichezea chembe zile.

Ninachotaka kusema ni hiki. Mwenye busha akienda hospitali huandikiwa upasuaji bila ya mashauri marefu, hata kama halimuumi na linamuudhi kwa uzito wake tu. Mwenye maumivu yasiyoonekana huambiwa arudi baadaye. Daktari anapenda kukata kitu anachokiona kwa macho na atakachoweza kukionesha baada ya kukitoa. Kwa hiyo sikubaliani na Tabibu kwamba sababu ni hesabu za asilimia. Sababu ni kwamba jicho la daktari linaaminiwa kuliko ulimi wa mgonjwa. Ama kuhusu asili ya maumivu ya ndugu yetu, mimi naona ni kichocho, maana hata huku kwetu kusini kila aliyeoga kwenye mabwawa alikipata.

Hadubini (Chake Chake)

Mzee wangu wa Makunduchi, hadithi ya chembe za plastiki ni ya kweli na imeandikwa, lakini zilitiwa kwa ajili ya mbu anayeeneza matende na mabusha, na hilo halihusiani na kichocho. Kichocho cha mkojo huenezwa na konokono wa maji baridi, na konokono wanaopatikana kusini mwa Unguja si wa aina inayokibeba. Ndiyo maana maambukizo yamekuwa kaskazini na katikati ya Unguja, na kwetu Pemba karibu kisiwa kizima. Aliyeoga Makunduchi na akakojoa damu, huenda aliogelea kwingine pia.

Hata hivyo hoja yako isitupwe. Kichocho kwa mwanamume hakiishii kwenye kibofu. Mayai ya mdudu huyu huweza kukwama katika viungo vya uzazi, yakaleta maumivu na damu ndani ya manii, na mgonjwa wa namna hiyo huweza kutibiwa miaka kwa antibiotiki kwa kudhaniwa kuwa ana ugonjwa wa zinaa, hali dawa yake ni prazikwanteli. Minyoo ya matende nayo, ile iliyokomaa, hupenda kukaa kwenye mishipa ya limfu iliyo katika kamba ya korodani, na kwa altrasaundi ya mtu anayejua anachokitafuta huonekana ikijinyonganyonga. Ikifa huacha vinundu vinavyouma. Ugawaji wa ivermektini na albendazo kwa watu wote wa visiwani ulianza 2001 na maambukizo yamepungua sana, lakini mtu mzima wa leo alikuwapo kabla ya hapo. Ndugu Mkarafuu, wewe unayevuka mito kwenda mashambani, uliwahi kupimwa kichocho hasa, au mkojo wako ulitazamwa kwa ajili ya usaha tu?

Mama Watatu (Mkoani)

Samahani kwa kuingia katika mazungumzo ya wanaume, lakini maumivu haya yakiingia nyumbani hayamchagui mwenye korodani peke yake. Mume wangu ni mvuvi na ana hali kama hii. Kila tulipokwenda, suali la kwanza aliloulizwa lilikuwa kama ana mwanamke wa nje, akaandikiwa dawa, nami nikaandikiwa zangu, tukameza sote wawili hali hakuna kipimo hata kimoja kilichoonesha uambukizo. Nilivumilia kwa sababu namjua mume wangu. Mwanamke mwengine angelidai talaka kwa maandishi ya daktari yule.

Alipoomba apasuliwe aliambiwa kwamba mimi lazima niwepo na nitie saini. Nilikwenda. Nilipofika, niliulizwa kama sitaki watoto tena, na nilipojibu kwamba tunao wanatosha, daktari alinitazama na kusema kwamba nitakuja kujuta. Sasa naomba Tabibu anieleze: hofu ile ilikuwa ya asilimia alizozitaja, au ilikuwa hofu ya kumwona mwanamume anaondolewa uanaume? Kwa sababu nilivyomsikia mimi, ni ya pili.

Tabibu wa Zamu (Mjini Unguja)

Bi Mkubwa, siwezi kumsemea mwenzangu nisiyemjua. Kwa upande wa mwili, korodani moja iliyo nzima kwa kawaida inatosha kwa homoni na kwa uzazi, kwa hiyo kumtoa mtu moja si kumwondolea uanaume. Anayeondolewa zote mbili ndiye anayehitaji kupewa homoni maisha yake yote. Ila inafaa mgonjwa aambiwe pia kwamba yapo maumivu yanayoanza upande mmoja na baadaye kuonekana upande wa pili, na aliyebaki na moja hana tena nafasi ya kuomba. Ridhaa ya mke ni desturi nzuri ya kushirikishana katika jambo zito. Kuifanya kuwa sharti kwa mtu mzima mwenye akili timamu ni jambo jingine.

Ama antibiotiki, uko sahihi. Dawa zinazorudiwarudiwa bila ya ushahidi wa uambukizo hazimsaidii mgonjwa, na zinamchelewesha.

Msomi wa Fiqhi (Micheweni)

Liko jambo mnalizunguka bila ya kulitaja. Kujihasi kumekatazwa katika Uislamu. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alimkatalia Uthman bin Madh'un alipotaka kujitenga na wanawake, na Saad bin Abi Waqqas akasema kwamba lau angelimruhusu, wao wangelijihasi. Daktari Muislamu anayesita huenda anasita kwa hilo, na si aibu.

Hata hivyo katazo hilo linamhusu anayekata matamanio yake, na mgonjwa anayekata ugonjwa ana hukumu yake. Kanuni ya mafakihi ni kwamba madhara huondolewa, na iko nyingine inayoifuata, kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Kwa hiyo hukumu inarejea kwa mabingwa: wakisema kwamba dhana iliyo na nguvu ni kuwa mgonjwa atapona, inajuzu, wakisema kwamba huenda akabaki na maumivu na akapoteza kiungo, basi kusita kwao kuna msingi katika sheria kabla ya kuwa na msingi katika tiba.

Dago la Kaskazini (Nungwi)

Maalim, umetoa fatwa ambayo daktari na mgonjwa kila mmoja ataondoka nayo akifurahi.

Msomi wa Fiqhi (Micheweni)

Sikutoa fatwa. Nimetaja kanuni. Fatwa hutolewa kwa anayeuliza akiwa na maneno ya daktari wake mkononi.

Msafiri wa Muscat

Nimesoma yote kwa utulivu, na nimeona niseme, kwa kuwa mimi ndiye niliyekubaliwa. Kwetu ni Mtambwe, nafanya kazi huku Oman kwa muda mrefu, na niliumwa kwa namna ile ile aliyoieleza Mkarafuu, isipokuwa kwangu ni kulia. Madaktari wawili walikataa. Wa tatu, katika hospitali ya kulipia ya nchi nyingine ambayo siitaji, alikubali baada ya mazungumzo mafupi sana. Nilitia saini nikiwa na furaha.

Wiki za mwanzo nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala kwa miaka. Kisha maumivu yakarudi. Hayakurudi na nguvu za zamani, siwezi kudanganya, lakini yapo, na mara nyingine nayahisi mahali ambapo sasa hapana kitu. Nilipomwendea daktari aliyenipasua alisema kazi yake ilikamilika. Bingwa mwengine ndiye aliyenieleza kwamba mishipa ya fahamu iliyozoea kupeleka maumivu huendelea kuyapeleka hata chanzo kikiondoka, akanianzishia dawa ya kutuliza mishipa hiyo, nayo inanisaidia kiasi. Kwa hiyo, Mkarafuu, kidonge ulichopewa cha kukutia usingizi, kama ni amitriptilini au gabapentini, hakikuandikwa kwa dharau. Sisemi kwamba nimejuta. Ningelikuwa sikupasuliwa, hadi leo ningelikuwa nadhani kwamba dawa iko kwenye kisu.

Kijana wa Jang'ombe

Na mimi nitoe ushahidi wa upande wa pili ili watu wasikate tamaa. Nilikuwa na maumivu ya kushoto, uzito wa jioni unaopungua nikilala chali. Altrasaundi ya kwanza ilisoma kwamba niko mzima. Ya pili nilifanyiwa nikiwa nimesimama na kuambiwa nisukume pumzi, ikaonekana kwamba vena zangu zimetanuka. Nilipasuliwa, vena zikafungwa, na leo nacheza mpira. Mkarafuu, wewe pia ni kushoto na wewe pia ukisimama huzidi. Kwa nini hatulizungumzi hilo kabla ya kufika kwenye kutoa korodani?

Tabibu wa Zamu (Mjini Unguja)

Hoja nzuri, nayo ina sababu ya kimaumbile. Vena ya korodani ya kushoto hupanda mbali hadi kuingia kwenye vena ya figo kwa pembe mraba, wakati ya kulia huingia moja kwa moja kwenye vena kuu, na ndiyo maana vena hutanuka zaidi upande wa kushoto. Lakini tahadhari. Karibu asilimia 15 ya wanaume wana vena zilizotanuka, na wengi wao hawaumwi chochote. Kuziona kwenye picha si uthibitisho kwamba ndizo zinazouma, kwa hiyo hata hapo mpasuaji huchagua.

Seremala wa Kwahani

Mnazungumza kana kwamba upasuaji ni mlango wa kutokea. Mimi maumivu yangu yaliletwa na upasuaji. Nilipasuliwa ngiri na kuwekewa wavu, ngiri ikapona, na tangu hapo korodani ya upande ule inawaka nikiinama kuranda mbao. Ngiri ya ami yake Dago iliondoka na maumivu. Yangu iliondoka na kuniachia mapya. Nilipoomba nifunguliwe tena niliambiwa kwamba kovu juu ya kovu huongeza hatari.

Tabibu wa Zamu (Mjini Unguja)

Pole. Mishipa ya fahamu inayoshuka kwenye korodani hupita njia hiyo hiyo ya ngiri, na huweza kujeruhiwa au kunaswa na kovu. Takriban mmoja katika kila kumi waliopasuliwa ngiri ya kinena hubaki na maumivu ya muda mrefu ya kiasi fulani. Wewe hasa ungefaa kuchunguzwa kwa sindano ya ganzi niliyoitaja.

Nyoosha Mgongo (Fuoni)

Mimi ni mtaalamu wa mazoezi ya tiba, na nasikitika kwamba maelezo yote haya yanazunguka kinenani. Mishipa ya fahamu ya korodani inatoka kwenye uti wa mgongo, sehemu ya mwisho wa kifua na mwanzo wa kiuno. Mtu anayekaa juu ya mkarafuu kutwa nzima, mguu mmoja umebana tawi na mkono mmoja unavuta mwengine, akishuka na gunia mgongoni, ana kila sababu ya kuumiza mgongo na misuli ya sakafu ya nyonga, na akahisi maumivu chini. Nimepokea wanaume walioletwa kwa maumivu ya korodani na waliopata nafuu kwa kufundishwa kulegeza misuli ile, bila ya kuguswa na kisu wala kidonge. Daktari anayekataa kupasua yuko sahihi. Kosa lake ni kwamba baada ya kukataa hampeleki mgonjwa kwetu.

Kusini Makunduchi

Kila fundi anaona ugonjwa uko kwenye kazi yake. Hadubini anaona minyoo, Nyoosha Mgongo anaona misuli, Maalim anaona hukumu. Kuhusu kichocho bado nasema kwamba nilikiona kwa macho yangu, konokono wawe wa aina gani.

Hadubini (Chake Chake)

Uliona damu, mzee wangu. Mayai huonekana kwa hadubini tu.

Bibi Muuguzi (Mwanakwerekwe)

Nimestaafu baada ya kufanya kazi katika vyumba vya upasuaji, na nitasema yale ambayo madaktari hawayasemi. Orodha ya wiki inajaa wanawake wanaojifungua kwa upasuaji, ngiri zilizonasa, ajali za pikipiki na matumbo yaliyotoboka. Mgonjwa ambaye picha yake ni safi husogezwa mbele, na akisogezwa mara nyingi huhisi kwamba amekataliwa. Kisha kuna vifaa. Kukata mishipa ya fahamu ndani ya kamba ya korodani huku mshipa unaoleta damu ukibaki salama kunataka hadubini ya upasuaji na mkono uliozoea, kwa sababu ukikosea korodani hunyauka yenyewe. Hicho si kifaa cha kila chumba wala ujuzi wa kila mpasuaji. Daktari mwengine huona tabu kusema kwamba hawezi, akasema kwamba haifai. Maneno hayo mawili yana tofauti kubwa kwa mgonjwa, maana la kwanza lingempa barua ya rufaa na la pili linamrudisha nyumbani.

Hofu ya lawama ipo, Mkarafuu, ila si ya kwanza.

Na kwa kuwa vijana wanasoma hapa, niseme jambo moja la haraka. Yote haya ni kuhusu maumivu ya muda mrefu. Kijana ambaye korodani imemuuma ghafla, kwa nguvu, pengine na kutapika, asisubiri asubuhi, asiumikwe, asipakwe mafuta ya karafuu. Huenda korodani imejisokota, na nafasi ya kuiokoa ni nzuri zaidi ndani ya saa sita. Huyo ndiye ambaye hakuna daktari atakayesita kumpasua.

Dago la Kaskazini (Nungwi)

Nilikuwa tayari kushauri kuumika. Nimefuta.

Mama Watatu (Mkoani)

Maneno ya Bibi Muuguzi ndiyo ya kwanza yaliyonituliza. Mume wangu asingelikasirika kuambiwa kwamba mashine haipo au kwamba kisu hakitasaidia. Kilichomuudhi ni kutazamwa kama mwongo. Kumnyima mtu upasuaji na kumnyima mtu sadaka ya kumwamini ni mambo mawili, na sisi tulinyimwa yote mawili siku moja. Lakini nina suali ambalo halijajibiwa: ikiwa atapigwa sindano ya ganzi na isimsaidie, nani ataendelea kumhudumia? Maana hapo bingwa wa njia ya mkojo atasema kwamba si wake.

Nyoosha Mgongo (Fuoni)

Aje kwetu.

Tabibu wa Zamu (Mjini Unguja)

Kwa kweli anatakiwa ahudumiwe na zaidi ya mmoja kwa pamoja, mwenye dawa za mishipa ya fahamu, mwenye mazoezi, na mtu wa kuzungumza naye, kwa kuwa maumivu ya muda mrefu humwondolea mtu usingizi na furaha, na ukosefu wa usingizi nao huzidisha maumivu. Nikisema hivyo wagonjwa wengi husikia kwamba nimewaita wendawazimu. Sikusema hivyo.

Mkarafuu Mkavu (Wete)

Nashukuru nyote. Nitaomba kipimo cha kichocho hapa Pemba, kisha altrasaundi ya kusimama, kisha hiyo sindano. Lakini dai langu bado nalishikilia kwa sehemu moja. Tabibu ametaja asilimia 73 kama hoja ya kunikatalia. Mimi nikiambiwa kwamba watu saba katika kumi waliondoka bila ya maumivu kabisa, naiona ni habari njema. Anayelala usiku yeye ndiye anayeziona tatu zilizobaki kuwa nyingi.

Tabibu wa Zamu (Mjini Unguja)

Wale walikuwa 15 tu waliopasuliwa kupitia kinenani, ndugu yangu, na walichaguliwa na mabingwa baada ya njia nyingine kushindikana. Wewe hata sindano hujapigwa.

Msafiri wa Muscat

Na mimi nimo katika zile tatu. Uniulize mimi kama ni nyingi.

Abiria wa Boti (Kiembesamaki)

Samahani, nimeingia kwa kuchelewa. Yangu ni ya kulia na ilianza baada ya kutoa jiwe la figo. Jiwe lilitoka, daktari amethibitisha kwa picha, lakini korodani bado inauma kila nikipungukiwa na maji. Hili nalo linahusiana, au nitafute sababu nyingine?

Tabibu wa Zamu (Mjini Unguja)

Linaweza kuhusiana. Korodani za mtoto aliye tumboni huumbika juu, karibu na figo, na hushuka baadaye zikivuta mishipa yake, ndiyo maana maumivu ya figo na ya mrija wa mkojo huhisiwa huko chini. Picha hiyo ya kuthibitisha ilipigwa lini, na ilikuwa altrasaundi au sitiskani? Vijiwe vidogo vya kwenye mrija altrasaundi huvikosa.